Muulize Ng'ombe

Nilifungua kitambaa chekundu kwenye mguu wa ng'ombe wa mama, nikakifunga kichwani mwangu. Hilo ndilo jambo la kijinga nililolifanya kwanza, na nalitaja mapema ili usije ukanihurumia bure huko mbele. Sikuwa na homa, na hakuna mtu aliyenilazimisha. Nilijitazama kwenye kioo cha dirisha la jikoni, nikageuza shingo kushoto, nikaigeuza kulia, nikaona kwamba kitambaa kizuri kama kile kilikuwa kinaozea kwenye matope na mavi wakati kuna kichwa cha kijana mzuri kinachokihitaji. Nilikiosha kwanza, lakini. Mimi si mshenzi.

Kwa yule asiyefuga: huku kwetu Dundori, ng'ombe akitiwa dawa hufungwa kitambaa chekundu kwenye mguu wa nyuma, pale ambapo anayekamua hawezi kukosa kukiona hata akiwa bado na usingizi. Maana yake ni moja. Huyu mkamue kando, na maziwa yake yasiingie kwenye mkebe mpaka daktari aseme. Mikebe ya maboma yote hukutana steji, pale kando ya barabara, kila asubuhi, pikapu inakuja, na mwishowe maziwa ya kila mtu yanalala pamoja ndani ya tangi moja la kupozea kule kituo cha maziwa. Dawa ya ng'ombe mmoja ikiingia humo, tangi zima linamwagwa, na boma lililoileta linaambiwa likae na maziwa yake nyumbani likaoge nayo.

Sasa ongeza hili. Akina mama wa steji yetu walikuwa wamemchagua mama yangu mzazi kuwa msimamizi wa usafi wa maziwa. Yeye ndiye anayenusa mikebe ya wengine. Yeye ndiye anayewaambia watu wazima, mbele ya watoto wao, warudi wakaioshe upya. Mwanamke wa aina hiyo ana marafiki wengi, na wote wanangoja ateleze.

Wiki hiyo mama hakuwepo. Dada yangu, anayefanya kazi kwenye shamba la maua kule Naivasha, alikuwa amejifungua, na mama alikuwa ameenda kwake Karagita kumpikia uji na kumfundisha kuosha mtoto. Mtoto mwenyewe, kwa habari nilizopata, alikuwa na sauti kubwa kuliko chumba. Mimi nikaachiwa boma: ng'ombe watatu, mbwa mmoja, na jirani aliyekuwa akichungulia juu ya ua kila mara kuhakikisha sijauza mabati. Kukamua sikuachiwa. Hiyo ilikuwa kazi ya kijana mmoja wa hapo karibu, anayekamulia maboma kadhaa asubuhi na jioni, mtu mpole mwenye vidole kama koleo. Ng'ombe wetu wanampenda kuliko wanavyonipenda mimi. Nikishika chuchu mimi, ng'ombe hugeuza kichwa kuuliza ni nani huyo na ametumwa na nani.

Ijumaa jioni, yule kijana alipokuwa ameshamaliza kukamua na kwenda zake, daktari wa ng'ombe akaja. Mama ndiye aliyempigia simu kutoka Karagita baada ya mimi kumwambia kwamba maziwa ya yule ng'ombe mwenye pembe moja yalikuwa yanatoka na mabonge madogomadogo. Daktari akakamua kile kiwele mpaka kikaisha, akatia dawa, akafunga kitambaa chake chekundu mguuni, akaninyooshea kidole.

"Hii isitoke mpaka mimi nirudi. Umesikia?"

"Nimesikia, daktari."

"Umesikia na masikio ama na mdomo?"

Kabla pikipiki yake haijapotea kwenye kona, mama alikuwa tayari kwenye laini, kwa simu ya jirani niliyopewa juu ya ua. Nyuma yake nilimsikia mpwa wangu akitoa maoni yake kuhusu dunia.

"Baba, umeona hiyo kitambaa?" Mama huniita baba kwa sababu nimepewa jina la baba yake, na pia kwa sababu inamsaidia kunigombeza kwa heshima. "Ukiona hiyo kitambaa, ujue umeniona mimi. Mimi niko hapo kwa mguu wa huyo ng'ombe."

"Sawa, mathe."

"Usiniite mathe kama konda."

Kwa hivyo ukitaka kuhesabu vizuri, nilichofunga kichwani mwangu nusu saa baadaye kilikuwa mama.

Lazima nieleze kwa nini nilijiona mkubwa kuliko kitambaa. Nilikuwa na programu.

Shuleni kwetu kuna klabu ya kompyuta kila Jumamosi asubuhi. Mwalimu wetu ni kijana bado, anavaa sweta moja ambayo sisi tunaamini alizaliwa nayo, na anatufundisha lugha inayoitwa Ruby kwa sababu ndiyo anayoipenda. Sisi tuliikubali kwa sababu chumba cha kompyuta ndicho chumba cha pekee chenye joto shule nzima. Ukikaa karibu na mashine ile ya zamani, inakupulizia hewa ya moto miguuni kama mbwa anayekujua. Hivyo ndivyo nilivyopata elimu.

Wiki moja kabla ya mambo haya, mwalimu alikuwa ametufundisha seta. Tulimtengeneza ng'ombe ndani ya kompyuta, kwa sababu mwalimu amechoka kutumia mifano ya benki kwa watoto ambao hawajawahi kuingia benki. Ng'ombe huyo alikuwa na uzito. Ukiandika `ngombe.uzito = 400`, inaonekana kama unaandika tu kitu ubaoni, umemaliza, umepangusa mikono. Mwalimu akasema hapana, hapo umebisha mlango. Umemwita ng'ombe, umemwambia, "Shika hii." Anayefungua mlango ndiye seta, na seta ndiye anayeamua atafanya nini na ulichomletea. Anaweza kukiweka. Anaweza kukipunguza. Anaweza kukuangalia tu na kufunga mlango.

Akatuonyesha. Akaandika seta inayokataa uzito wowote ulio chini ya sifuri. Kisha akampa ng'ombe uzito wa kilo tano chini ya sifuri. Skrini ikajibu: `-5`.

"Imekubali!" tukapiga kelele. "Mwalimu, seta yako imelala!"

"Imekubali nini? Imenirudishia maneno yangu. Kwenye lugha hii, ukiweka kitu kwa alama ya sawasawa, unajibiwa kile ulichosema wewe, hata kama mwenye nyumba amekataa. Msiangalie jibu. Muulizeni ng'ombe."

Tukamuuliza ng'ombe uzito wake. Mia nne. Hakuwa amepunguza hata kwato.

Mimi nikainua mkono. "Mwalimu, kumbe ni kama mama akiniuliza kama nimeoga. Mimi nasema nimeoga, jibu linatoka sawasawa kabisa, lakini shingo iko na habari tofauti."

Darasa lilicheka mpaka mwalimu wa chumba cha pili akagonga ukuta. Nilipiga saluti. Nilikuwa nimeielewa seta kuliko mtu yeyote mle ndani, nimeitolea mfano, na sikuwa nimejifunza chochote.

Jioni za wiki iliyofuata nilikaa jikoni na laptopu kuukuu ya dada yangu, ile ambayo betri yake ilikufa zamani na inaishi kwa waya kama mgonjwa, nikaandika programu ya kusimamia ng'ombe wetu watatu. Kila ng'ombe alikuwa na kitu kinachoitwa `dawa`, ambacho ni `false`, yaani hapana, mpaka atibiwe. Kuna mstari mmoja wa Ruby ukiuandika unapata milango miwili kwa mara moja, mmoja wa kuuliza kama ana dawa na mwingine wa kubadilisha. Niliuandika. Kisha nikaandika kitendo chenye jina `tibu`, na ndani yake mstari mmoja mtamu:

`dawa = true`

True ni ndiyo. Asubuhi mtu angebonyeza kitufe kimoja tu, na skrini ingeonyesha kila ng'ombe kwa herufi kubwa: MIMINA, au USIMIMINE.

Ijumaa ile, daktari alipoondoka, nilikimbia jikoni nikaandika `pembe_moja.tibu`. Nikabonyeza. Skrini ikajibu `true`. Niliruka kwa furaha nikagonga rafu ya sufuria. Ng'ombe wa kwanza Dundori nzima kutibiwa kidijitali! Sasa kitambaa ni cha nini? Kitambaa ni teknolojia ya kina guka, babu zetu. Nikaenda zizini nikakifungua, na habari ya kitambaa na kichwa unaijua.

Asubuhi nilitoka mapema niwahi klabu, kwa sababu siku hiyo nilikuwa nionyeshe programu yangu mbele ya wote. Ilikuwa kwenye flashi mfukoni, na laptopu niliiacha mezani jikoni, imewaka. Kwenye geti nikakutana na kijana wa kukamua, ndoo mkononi, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi.

"Niaje, ninja," akasema, akiangalia kichwa changu.

"Poa. Boss, leo usichungulie miguu ya ng'ombe. Hiyo imepitwa na wakati. Ingia jikoni, bonyeza kile kitufe kikubwa, ufuate vile skrini inasema."

"Na skrini ikilala?"

"Skrini hailali."

"Hata mimi nililala," akasema, akaingia.

Ningemwambia tu. Ningesema, "Yule mwenye pembe moja ametiwa dawa jana." Lakini nilitaka mtambo wangu uongee wenyewe, bila msaada wa mdomo wa binadamu. Nikashuka kwenda shule nikipiga mluzi katikati ya mashamba ya waru, viazi vyetu vya huku, ukungu umekaa juu ya majani, na mimi najiona kama mtu anayesubiriwa na magazeti.

Klabu ilijaa. Nilichomeka flashi, nikafungua programu, projekta ikatupa ng'ombe wangu watatu ukutani. Nikaeleza shida ya vitambaa. Nikaeleza jinsi vinavyochafuka, vinavyoanguka, vinavyoliwa na ndama. Nikageuka ili kila mtu aone kitambaa kichwani mwangu, nikasema, "Hiki hapa ni cha mwisho. Kinaenda makumbusho." Makofi. Nikaandika `pembe_moja.tibu`. Ukuta ukajibu `true`. Makofi tena, na mtu mmoja nyuma akalia kama ng'ombe.

Mwalimu alikuwa ameegemea mlango, mikono ndani ya sweta. "Vizuri sana," akasema. "Sasa muulize."

"Nimuulize nani?"

"Ng'ombe."

Nikaandika `pembe_moja.dawa`. Nilikuwa nimeshageuka kupokea makofi kabla ya kubonyeza. Makofi hayakuja. Niliona macho ya wenzangu yakisoma kitu nyuma ya kichwa changu, kisha mabega yakaanza kutikisika.

Ukutani palikuwa pameandikwa `false`.

"Amekuruka!" mtu akapiga kelele. "Manze, ng'ombe amekukana mbele ya watu!"

"Lakini ilisema true," nikasema.

"Ilisema kile ulichosema wewe," mwalimu akajibu, akakaribia ukuta, akaweka kidole kwenye ule mstari wangu mtamu. "Hii `dawa` ni ya nani? Hapa hakuna nukta, hakuna mtu mbele. Ruby ikiona jina peke yake na alama ya sawasawa, haimuulizi ng'ombe chochote. Inadhani unajitengenezea kitu chako cha hapo hapo. Inakitengeneza, kitendo kinaisha, kitu nacho kinaisha. Seta yako imekaa mlangoni tangu asubuhi na hakuna mtu amebisha."

"Lakini juzi niliandika `dawa` peke yake kuuliza, na ilinijibu!"

"Kuuliza ni sawa. Ikikosa kitu cha hapo chenye jina hilo, inaenda kumuuliza ng'ombe. Kuweka haiendi popote. Kuweka, lazima useme ni nani anayewekewa. Andika `self`, nukta, `dawa`. Self ni ng'ombe akijitaja mwenyewe." Akatabasamu. "Kosa la kawaida. Hata mimi lilinila wiki nzima. Rekebisha tuendelee."

Sikurekebisha. Nilikuwa nimeshaanza kuchomoa flashi. Mwalimu akanitazama usoni.

"Ni mfano tu," akasema. "Mbona umebadilika uso?"

"Mwalimu, ng'ombe ni wa kweli."

"Wa kweli vipi?"

"Yuko nyumbani. Ametiwa dawa jana. Na kule jikoni skrini imesema MIMINA."

Hakuna aliyecheka tena, kwa sababu nusu ya klabu ile maziwa ya kwao yanaingia tangi lile lile. Mwalimu akanipa simu yake. Nikaishika. Nikagundua kwamba namba niliyoijua kwa kichwa duniani ni moja tu, na ilikuwa ya mtu aliyekuwa Karagita anaosha mtoto. Sikuthubutu kuipiga, nikamrudishia.

"Mwalimu, naomba ruhusa."

"Kimbia!"

Nimeshawahi kukimbizwa na nyuki, na nimeshawahi kukimbizwa na mwalimu wa zamu, lakini siku hiyo nilikimbia kama mtu anayejikimbiza mwenyewe. Nilikata katikati ya mashamba. Niliruka mfereji, nikaukosa, nikaupitia ndani. Mbwa wa watu alitoka kunibwekea, akaniona usoni, akarudi. Kichwani nilikuwa na picha moja tu: tangi linafunguliwa bomba la chini, maziwa ya kila boma yanatiririka kwenye nyasi, na akina mama wamesimama wanamtazama mama yangu.

Pikapu ilikuwa imeshafika steji. Pale dereva hupima kila mkebe kwa kipimo kinachoelea ndani ya maziwa, kisha anaumimina kwenye mapipa makubwa yaliyo nyuma ya gari. Kipimo kile hutambua maziwa yaliyotiwa maji. Dawa hakiijui. Mkebe wetu, ule wenye kishikio kilichofungwa kwa waya, alikuwa ameshaupima. Alikuwa ameuinua kifuani na kuuinamisha.

"Usimimine!"

Akasimama hivyo hivyo, mkebe umeinama. Akina mama wote wakageuka.

"Na wewe ninja," dereva akasema, "umetumwa na nani?"

"Hiyo maziwa iko na dawa."

Aliushusha chini polepole kama mtu aliyeambiwa amebeba nyoka. Kijana wa kukamua alikuwa amesimama kando ya baiskeli yake, na nilimwona uso ukibadilika.

"Dawa gani?" akaniuliza. "Boss, mimi nilibonyeza vile uliniambia. Skrini ikasema mimina. Tena kwa herufi kubwa."

Mama mmoja mwenye leso ya kijani, ambaye mama yangu alikuwa amemrudishia mkebe wake mwezi huo huo kwa sababu ya harufu ya moshi, akajisogeza mbele. "Kwa hivyo ni huyu kijana amechanganya? Huyu si ndiye anakamua hata kwangu?"

Wengine wakaanza kumwangalia yule kijana, na yeye akaangalia gurudumu la baiskeli yake. Angekosa maboma yote siku hiyo, moja baada ya lingine, nami ningekuwa nimesimama pale na viatu vimejaa maji. Nisingehitaji hata kusema uongo. Kunyamaza tu kungetosha.

"Si yeye," nikasema. "Skrini ndiyo ilidanganya."

"Na hiyo skrini iliandikwa na nani?"

"Na mimi. Na kitambaa pia ni mimi nilitoa."

"Kitambaa gani?"

Mama mwenye leso ya kijani alikuwa ananitazama kichwani, akiinamisha shingo upande mmoja, kisha upande wa pili, kama mtu anayesoma kibao cha mbali.

"Ngoja kwanza," akasema. "Hiyo si ndiyo kitambaa ya ng'ombe?"

Steji nzima ikalipuka kwa kicheko. Mama mwenye leso ya kijani alishika mkono wa mwenzake ili asianguke. "Jamani, kumbe mgonjwa ni huyu! Amefungwa kitambaa! Msimkamue!"

"Daktari amesema akae siku ngapi?" dereva akauliza, machozi yakimtoka.

"Huyu tumtenge tu kabisa! Asikaribie mkebe ya mtu!"

Hata kijana wa kukamua alicheka. Alijaribu kujizuia, akaficha mdomo ndani ya kofia yake, lakini mabega yalimsaliti. Nami, nikiwa na tope mpaka magotini na aibu mpaka masikioni, nilianza kucheka pia, kwa sababu walikuwa wamesema kweli, na kwa sababu mapipa ya pikapu yalikuwa meupe na safi na hakuna tone letu lililoingia humo.

Mama mwenye leso ya kijani alipopangusa macho akaniambia, "Rudisha mkebe nyumbani, mwage. Na hiyo kitambaa umrudishie mwenyewe. Mama yako nitaongea na yeye."

"Tafadhali usiongee na yeye."

"Nitaongea na yeye vizuri," akasema, na akatoa simu hapo hapo.

Tulirudi kupandisha kilima, mimi nikisukuma baiskeli, kijana wa kukamua akishikilia mkebe nyuma usianguke. Nikamwomba msamaha. Akasema hakuna shida, lakini kuanzia leo yeye na skrini hawajuani. Tulimwaga yale maziwa kwenye shimo nyuma ya choo, na mbwa wetu alikaa pembeni akitutazama kama tumerukwa na akili. Kisha nikaenda zizini. Yule mwenye pembe moja alikuwa anacheua, hana habari. Nikainama nikamfunga kitambaa chake mguuni, na nilipokuwa nakaza fundo ndipo nikaelewa kile mwalimu alichokuwa ananieleza ukutani, vizuri kabisa, mpaka nikakaa chini kwenye majani makavu nikacheka peke yangu. Kile kitendo changu `tibu` kilikuwa kimefanya nilichofanya mimi. Kilichukua kitambaa cha ng'ombe, kikajifunga chenyewe kichwani, kikajitazama dirishani, kikasema true, kikaenda zake. Na ng'ombe akabaki mguu mtupu.

Niliingia jikoni nikaandika `self.` mbele ya `dawa`. Herufi nne na nukta. Nikaandika `pembe_moja.tibu`, skrini ikasema `true`, na safari hii sikuruka. Nilimuuliza ng'ombe. `true`. Nikafungua dirisha nikamwangalia na yule wa zizini, kitambaa kiko. Wote wawili walikuwa wanakubaliana kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Nilipiga yowe la furaha lililomfanya jirani achungulie juu ya ua.

"Umeuza?" akauliza.

"Bado, mzee!"

Ndipo simu ya kijana wa kukamua ikalia. Akaiangalia, akanyoosha mgongo kama askari, akasema, "Ndiyo, mama. Ndiyo. Yuko hapa. Hapana, mama, hajatoroka." Akaniletea.

Mama alikuwa ameshapata habari kutoka kwa watu watatu. Katika habari ya kwanza nilikuwa nimetia dawa kwenye pikapu. Katika ya pili nilikuwa nimevaa ng'ombe. Akaniambia nieleze mwenyewe, kutoka mwanzo, bila maua. Nikaeleza. Nilieleza kitambaa, kioo cha dirisha, skrini, ukuta wa klabu, mfereji, mkebe ulioinama. Nikajaribu kueleza seta pia, na kwamba kuweka si kama kuuliza, lakini akaniambia niruke hapo nifike steji. Nilipofika pale mama mwenye leso ya kijani aliposema msimkamue, nikaisogeza simu mbali na sikio, nikingoja anigombeze.

Kisha nikasikia sauti nyembamba kama ya mtu anayebanwa na kikohozi. Nilidhani analia. Halafu ile sauti ikapanuka, ikawa kicheko, kile kicheko chake kikubwa anachokitoa mara chache na ambacho hawezi kukisimamisha kikishaanza, na nyuma yake mpwa wangu akaamka akaanza kupiga kelele, na dada yangu akauliza ni nini, na mama hakuweza kumjibu.

Alipopata pumzi, akasema hivi:

"Ona sasa, umeniamshia mtoto. Maziwa ya watu iko salama, hiyo nimesikia. Na ulisema ni wewe, hiyo pia nimesikia. Sasa mwambie huyo kijana kesho alale mpaka jua litoke. Utakamua wewe, baba, wote watatu, na huyo mgonjwa umkamue wa mwisho. Na unawe mikono kwanza."